Nukta ya Mbili na Nusu

Juzi tulimzika Sista Tabitha nyumbani kwake, upande wa Longisa, na katika wasifu wake mpwa wake alisoma kwamba marehemu alitunga kijitabu cha afya kilichosaidia familia nyingi, na kwamba kilitoka vizuri na watu wakakipenda. Waombolezaji wakaitikia kwa vichwa, mpwa akageuza karatasi, akaendelea na habari za kwaya. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye hema la pili, karibu na wazee, na nikajikuta nimekasirika kiasi cha kushindwa kuimba wimbo uliofuata. Kijana huyo hakuwa na kosa lolote, alikuwa anasoma alichoandikiwa. Lakini kijitabu kile kilichapwa mara mbili. Mara ya kwanza kilitoka vibaya, na aliyekitoa vibaya ni mimi, na Sista Tabitha kwa muda wote uliobaki wa maisha yake hakuwahi kumwambia mtu kwamba ni mimi. Nimekaa na neno hilo tangu katikati ya miaka ya tisini. Sasa ameenda, na sioni tena kwa nini niendelee kukaa nalo.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Mambo ya kwetu, jinsi wazazi walivyotoka ziwani wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai, si ya sura hii. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kozi ya kupiga chapa na kompyuta, na nikapata kazi Sotik kwa mtu aliyeitwa Mwalimu Sigei. Alikuwa amestaafu ualimu akafungua ofisi ya kuchapa barua, mitihani ya shule na kadi za harusi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Sakafu ilikuwa ya mbao, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda kupitia nyufa zake tangu asubuhi mpaka tunafunga. Sauti pia zilipanda. Nilikuwa nikipiga chapa huku nasikia mwenye duka akimwambia mkulima, "Kifuniko kimoja kwa ndoo moja. Sema wewe sasa," na mkulima akirudia, na mwenye duka akimwambia arudie tena. Mara nyingine walikuwa watu wa upande wa Kisii, Kiswahili chao na cha mwenye duka vikiwa mbali kabisa, lakini kifuniko kilibaki kimoja na ndoo ikabaki moja. Wakati huo niliona mwenye duka anapoteza wakati wa watu.

Kompyuta ilikuwa moja, na printa moja. Zote mbili zilifunikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa na mke wa Mwalimu, na hakuna aliyeruhusiwa kuvifunua ila yeye mwenyewe. Alifika saa mbili asubuhi, akavikunja mara nne nne, akaviweka juu ya kabati, ndipo akawasha. Kisha tulingoja. Mashine ilichukua muda mrefu kuamka, na mimi nilikaa mikono mapajani kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulikuwa tunashindana na mvua. Mtu ambaye hajaishi nchi ya chai hawezi kuelewa jinsi siku yetu ilivyokatwa na mvua: ikifika saa nane mchana mawingu yalikuwa yametoka upande wa Kericho, radi inaanza, na Mwalimu anasimama karibu na ukuta, mkono wake juu ya plagi. Akihesabu ngurumo ya pili, anachomoa. Kama hukuwa umehifadhi kazi yako kwenye disketi, imeenda. Nilipoteza mitihani mizima ya darasa la saba kwa njia hiyo, na kesho yake nikaanza upya, na hakuna aliyenipa pole.

Kwa hiyo hasira yangu na ile mashine ilianza mapema, kabla ya Sista Tabitha kupanda ngazi zetu. Hasira kubwa zaidi ilikuwa juu ya kitu tulichokiita previu, yaani ile sehemu ya programu inayokuonyesha ukurasa wako jinsi utakavyokuwa kabla haujachapwa. Niliambiwa chuoni kwamba previu ni macho ya mchapaji. Haya yalikuwa macho ya mtu aliyekunywa. Ukitazama ukurasa mzima, maandishi madogo yaligeuka mistari ya kijivu, hakuna herufi hata moja. Ukiyakuza, herufi zilikuja zimevunjika kingo kama zimetafunwa na panya, e inafanana na c, r na n zimeshikana zikawa m. Ukikuza zaidi, zinabadilika tena. Alama ndogo ndizo zilizoteseka. Skrini ile ilichora kila kitu kwa vijisanduku vikubwa, na nukta ikiangukia katikati ya vijisanduku viwili, mashine iliamua haipo. Ukipandisha ukurasa kidogo nukta inarudi. Ukishusha, imepotea.

Nilijua sababu moja, na ndiyo iliyonikera. Katika programu kulikuwa na mahali pa kuchagua ubora: drafti, wa kawaida, na wa juu. Drafti ilichora kwa nukta chache na kwa haraka, na previu ilifuata chaguo hilohilo. Mwalimu alikuwa ameweka drafti siku ya kwanza na akakataza paguswe. Si ubahili tu, ingawa wino wa printa ulikuwa shida kuupata. Siku moja kabla sijaja, alikuwa amejaribu ubora wa juu na printa ikashindwa kubeba ukurasa, ikakwama ikiwaka taa nyekundu, na fundi kutoka Nakuru alichukua majuma matatu kufika. Aliniambia habari hiyo mara nyingi, kila mara kwa maneno yaleyale.

"Lakini Mwalimu, hapa sioni kama hii ni koma ama ni nukta," nilimwambia.

"Skrini ni skrini, Akinyi. Karatasi ni karatasi. Karatasi itatoka sawa."

"Basi nichape moja tuone."

"Na previu ni ya nini?"

Mchana alikuwa mtu mwingine. Mke wake alimletea viazi vya kuchemsha na mursik, maziwa yao ya kibuyuni, na Mwalimu hakula kabla hajanimiminia kikombe. Mara ya kwanza ule mkaa ndani ya maziwa ulinishinda. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa naungoja. Mimi nilileta ugali na omena kwenye kibakuli, naye alichukua samaki mmoja mmoja kwa ncha ya vidole, akiwachunguza machoni kabla ya kuwala, na kusema watu wa ziwa wana subira, kula kitu kidogo namna hii. Tulipatana vizuri mezani. Nasema hivi kwa sababu nikisimulia habari hii watu humfanya yeye kuwa mbaya, na hakuwa.

Sista Tabitha alikuja msimu wa mvua kubwa. Alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo ya kanisa huko ndani, mbali na Kaplong, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira na sauti ya chini. Alitoa kwenye mfuko wa plastiki daftari nne zilizojaa mwandiko wake. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha akina mama wa vijijini kuwa wasaidizi wa afya, wale watu wanaogongewa mlango kabla mgonjwa hajabebwa hospitali, na kila alichowafundisha alikuwa amekiandika, ukurasa mmoja Kipsigis, wa pili Kiswahili. Alitaka kiwe kitabu. Wasaidizi wake walikuwa wananakili kwa mkono, na wanakosea.

"Kitu ikichapwa, watu wanaamini," aliniambia. "Ndiyo maana nataka ichapwe sawasawa."

Nilikipiga chapa kwa mwezi na zaidi. Kurasa za Kipsigis nilizinakili herufi kwa herufi bila kuelewa, na Sista alikuja kila siku ya soko kusahihisha, akikaa kwenye kiti cha wateja na kunisomea polepole. Kurasa za Kiswahili nilizielewa, na nikazipenda. Jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Jinsi ya kumtazama mtoto anayehema haraka. Na katikati ya kitabu, jedwali la dawa za maji zilizokuwa kwenye kisanduku cha kila msaidizi: jina la dawa, umri wa mtoto, kiasi cha kumpa. Jedwali lile lilikataa kuingia kwenye ukurasa mmoja. Nilipunguza herufi, likakataa, nikapunguza tena. Mwishowe nikachagua fonti nyembamba niliyoipenda kwa sababu ilionekana ya kisasa, kama magazeti ya Nairobi, nikaiweka saizi ya nane, na jedwali likaenea. Nilijivunia sana. Fonti ile nilichagua mimi. Mwalimu hakunituma, wala Sista hakuiomba. Ilikuwa na herufi za kupendeza na nukta ndogo kama vumbi.

Siku ya kuidhinisha, Sista alifika amechelewa kwa sababu barabara ilikuwa tope tupu. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake: mteja anatazama kila ukurasa kwenye previu, kisha anatia sahihi kwamba ameridhika, ndipo tunachapa nakala asili moja na kuipeleka ikatolewe fotokopi. Tulienda vizuri mpaka jedwali. Sista aliinama, akasogea, uso wake karibu uguse skrini.

"Hapa," alisema, akionyesha bila kugusa. "Dawa ya mafua. Mwaka mmoja hadi miwili. Hii ni mbili nukta tano?"

Nilitazama. Ilisomeka 25. Nilikuza. Nukta ikaja. Nilikuza tena, ikapotea. Kwingine, chini zaidi, kulikuwa na 7.5 ambayo ilionekana wazi. Nje ngurumo ya kwanza ikapita, mbali, na Mwalimu akasimama akaenda ukutani.

"Iko, Sista," nilisema. "Ni skrini tu haioni. Kwa karatasi itatoka sawa."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nilikuwa na kurasa kumi na mbili zilizobaki, mvua inakuja, na mkono wa mtu uko juu ya plagi. Na maneno yale hata hayakuwa yangu. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi mpaka yakatoka yenyewe.

"Nina hakika," nilisema.

Akatia sahihi. Nimekutana na watu wengi tangu siku hiyo wanaosema "nina hakika" kwa sauti ileile, kwenye benki, kwenye maabara, kwenye ofisi za serikali. Naitambua upesi. Ni sauti ya mtu anayetaka umalize uondoke.

Tulichapa nakala asili kesho yake asubuhi. Niliangalia jedwali harakaharaka, na kwa kweli nukta ilikuwapo, alama hafifu ya kijivu ambayo ungeweza kudhani ni uchafu wa karatasi. Nikaridhika. Sikufikiria kwamba nakala asili si kitabu. Fotokopi ikiona kitu hafifu, ama inakichukua ama inakiacha, na haimwulizi mtu. Vitabu vilipotoka, tukavibana pini na kuvifunga kwa kamba ya katani, na Sista akavichukua akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alinipa cha kwanza. Aliandika jina langu ndani.

Baada ya siku kumi hivi alirudi. Ilikuwa asubuhi, Mwalimu ndiyo kwanza amekunja vitambaa. Sista hakukaa. Mke wa Mwalimu alikuwa ameacha chai kwenye chupa, nikammiminia, akaiacha mezani. Alifungua kitabu kwenye jedwali na kukiweka juu ya kibodi yangu.

"Soma hapa, Akinyi."

"Mafua. Mwaka mmoja hadi miwili." Nikanyamaza.

"Endelea."

"Ishirini na tano."

"Mililita ishirini na tano," alisema. "Ni vijiko tano. Rael, msaidizi wangu wa kule juu, alipima vijiko tano, akampa mtoto wa jirani. Anaitwa Cherono, hajafika miaka miwili. Amelala tangu jana asubuhi, hawezi kuamka. Wamempeleka hospitali."

Hakupaza sauti. Nilimwuliza kama mtoto ataamka, akasema hajui, daktari alisema wangoje. Kisha akaniambia Rael alikuwa amekaa nje ya wodi na kitabu mkononi, akimwonyesha kila muuguzi anayepita, akisema yeye alifuata kitabu. Alikuwa amejiuliza kidogo, mbona vijiko vingi hivi, lakini akasema moyoni kwamba Sista anajua kuliko yeye, na tena imechapwa.

Mwalimu alikwenda kwenye kabati. Nilijua anatafuta nini. Alirudi na karatasi ya kuidhinisha, akaiweka mezani kwa adabu, kando ya kikombe cha chai.

"Sista, pole sana kwa hii mambo," alisema. "Lakini wewe mwenyewe uliona, ukatia sahihi."

Sista aliitazama ile sahihi yake. "Ni kweli," alisema. "Nilitia."

Nataka niseme kwamba niliongea papo hapo. Haikuwa hivyo. Nilikaa kimya kwa muda wa kutosha kuona Sista akifunga kitabu na kugeuka kwenda mlangoni. Nilikuwa nafikiri juu ya kazi yangu, na jina langu, na miaka ile ya mapigano ya kikabila ilivyokuwa kwa mtu wa jina kama langu aishiye kati ya watu wa jina lingine. Nilifikiri wakisema ni mtu wa ziwa aliyempa sumu mtoto wa Kipsigis. Ndipo nikasikia viatu vyake vya mpira kwenye ngazi ya kwanza, na nikaona kwamba anaenda kuibeba peke yake.

"Aliniuliza, Mwalimu," nilisema. "Aliuliza kama nukta iko. Mimi sikuiona, na nikamwambia iko."

Mwalimu aliniangalia kama nimemwaga kitu. Sista alisimama.

"Mbona ulisema iko?" aliuliza.

"Kwa sababu nilichoka," nilisema. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, na hata leo sijapata lingine.

Sista akasema, "Kuna vitabu arubaini viko nje. Vaa viatu vya kutembea."

Tulitembea siku tatu. Kutoka boma moja hadi lingine, kupanda kwenye chai, kushuka kwenye mahindi, kuvuka vijito vilivyojaa. Sista alijua kila msaidizi anakaa wapi, na mimi nilibeba gunia la kuweka vitabu. Kila nyumba ilikuwa vilevile: "Chamgei," tunakaribishwa, tunawekewa chai yenye maziwa mengi, na kabla ya kuinywa Sista anaeleza. Hakusema mchapaji alikosea. Alisema, "Tulikosea." Nilimwangalia kila mara aliposema hivyo, na yeye hakuniangalia. Katika nakala nyingine nukta ilikuwapo, katika nyingine haikuwapo, na hii ndiyo iliyonipandisha hasira zaidi, hata nikataka kutupa gunia lile mtoni. Kama vitabu vyote vingekosea, mtu angegundua siku ya kwanza. Bibi mmoja alitushikilia kitabu chake kwa nguvu, akisema chake kiko sawa, na kweli kilikuwa sawa, lakini tulimwomba akitoe tu. Alikitoa huku analia. Alikuwa amekivika jalada la gazeti.

Siku ya pili, tukiwa kwa mama mmoja tunakula kimyet, ugali wao, na mboga za kienyeji zilizopikwa kwa maziwa, mtu alikuja na habari kwamba Cherono ameamka na kuomba chai. Sista aliweka tonge chini, akafunika macho kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka mwenye nyumba akampa maji. Mimi nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya zizi la ng'ombe.

Niliporudi kazini nilimkuta Mwalimu ameweka gazeti mbele ya uso. Hakunifukuza, lakini hakunimiminia mursik. Ijumaa yake alikwenda Kericho kwa shughuli ya pensheni, akaniachia ufunguo. Nilikunja vitambaa mwenyewe. Nikafungua mahali pa ubora, nikaweka wa juu. Nikaondoa ile fonti yangu nyembamba kutoka kitabu chote, nikaweka moja nene, isiyo na urembo, ya saizi kumi na mbili, na jedwali likajaa kurasa tatu. Nikachapa ukurasa mmoja peke yake ili printa isizidiwe. Ulichukua dakika nyingi sana. Taa ikawaka nyekundu mara mbili, nikaizima, nikagawa jedwali vipande, nikaanza upya. Wakati mwingine niliipiga ubavuni kwa kiganja, na kuisemesha kwa Kijaluo maneno ambayo mama yangu asingeyapenda. Lakini ukurasa ulipotoka, niliupeleka dirishani, na nukta ilikuwa nyeusi, ya mviringo, imekaa mahali pake.

Mwalimu alirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Aliona vitambaa kabatini vimekunjwa vibaya, akaona ubora kwenye skrini, na nikajiandaa. Akachukua ukurasa wa zamani na ukurasa mpya, akazishika pamoja kwenye mwanga. 

"Kumbe ni tofauti hivi," alisema. Kisha akaongeza: "Nilifundisha miaka thelathini. Mtoto akiniambia haoni ubao, nilikuwa namsogeza mbele." Akavuta kiti chake karibu na changu. "Hapo ulibadilisha wapi? Nionyeshe."

Nilidhani kazi imeisha. Nilimpelekea Sista kurasa mpya, na nikamwambia kila nukta iko, nimeihesabu. Yeye alichukua kalamu akafuta nukta zote. Alisema hataki nukta tena kwenye jedwali lake, wala tarakimu upande wa kiasi. Aliandika "nusu kijiko." Aliandika "kijiko kimoja na nusu." Ukurasa wangu mzuri ukajaa mistari ya kalamu. Nilitaka kulia kwa hasira, na nadhani aliona, kwa sababu alisema, "Mashine yako sasa inaona vizuri. Lakini Rael atasoma usiku kwa mshumaa." Nikarudi Sotik nikaandika upya.

Kisha akaniambia tukipeleke kwanza mahali pamoja, na nilijua ni wapi.

Mama Cherono aliishi juu kabisa, nyumba ya mabati, chai mpaka mlangoni. Alikuwa mdogo, labda tulilingana umri. Mtoto alikuwa amekaa chini anavuta mkia wa paka. Sista alinijulisha kwa Kipsigis, na nikasikia jina langu katikati, na uso wa yule mama haukubadilika. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilisema, "Mimi ndiye niliandika ile kitabu. Niliulizwa kama iko sawa, nikasema iko, na sikuwa na hakika. Naomba msamaha."

Alinitazama viatu, mikono, uso.

"Nilikaa na yeye hospitali, nikimwita jina," alisema hatimaye kwa Kiswahili. "Nilimwita mpaka sauti ikaisha." Hakuongeza neno juu ya hilo, wala hakusema amenisamehe. Akanyoosha mkono. "Lete hiyo mpya."

Alitoa kigoda, akakiweka nje penye jua, akaanza kusoma. Alikuwa amefika darasa la sita tu, alituambia, na alisoma kwa kidole, midomo ikitembea. Sista alitaka kumwonyesha jedwali, akasema hapana, ataanza mwanzo. Tulikaa. Jua likasogea. Mama mkwe wake akatuletea chai, tukanywa, akatuletea tena. Kwenye kurasa za Kipsigis alisimama mara mbili akamwuliza Sista neno, na Sista akaandika pembeni. Nilianza kutazama upande wa Kericho, ambako mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na ndani yangu nikahisi ile haraka yangu ya zamani inaamka, tumalize, twende. Nikaificha mikono chini ya mapaja.

Alipofika kwenye jedwali alipunguza mwendo zaidi. Kidole kilipita mstari wa kwanza, kikashuka wa pili, kikarudi wa kwanza. Kikakaa hapo.

"Sista," alisema. "Hapa inasema mwaka mmoja hadi miwili, nusu kijiko. Hapa chini inasema miaka miwili hadi mitano, kijiko kimoja."

"Ndiyo, mama."

"Cherono anafika miaka miwili mwezi ujao. Siku hiyo nitampa ya huu mstari, ama ya huu?"

Sista Tabitha aliinama juu ya ukurasa. Alikuwa ameliandika jedwali lile kwenye daftari miaka mingi kabla, na kulifundisha, na kulinakili. Mimi nilikuwa nimelipiga chapa mara tatu na kuhesabu nukta zake zote. Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona hilo, na lilikuwa limeandikwa kwa herufi nene, za saizi kumi na mbili, mchana kweupe.

"Sijui jinsi ya kukujibu kutoka kwa hii karatasi," Sista alisema. "Tumeandika vibaya."

"Basi andika vizuri," Mama Cherono alisema, akampa kalamu, na bila kungoja akageuza ukurasa na kuendelea kusoma.